Chai ya Kumlaza Mtoto

Wiki iliyopita nilipeleka jino langu kliniki mjini Nyeri. Mlango wa daktari haufungiki vizuri, kwa hivyo sisi wa kwenye benchi tuliona na kusikia yote.

Ndani alikuwa nyanya mmoja kutoka Tetu, na mjukuu wake mdogo aliyevimba shavu.

"Si ung'oe tu, daktari? Hii ni meno ya maziwa, itaanguka tu."

"Cucu, hii ya nyuma bado itakaa miaka mingi. Nikiing'oa saa hii, ile ya ukubwa itakosa nafasi. Nitatoa ile imeoza huko ndani, niweke dawa, halafu niifunike." Kisha akauliza, "Analala akikunywa nini?"

"Chai, na chupa. Maziwa ni ya ng'ombe yangu, na sukari kidogo."

Kwenye benchi, mama mmoja alitikisa kichwa.

"Hiyo chai ndiyo imekula meno, cucu. Kuanzia leo, usiku ni maji peke yake."

Nyanya alimpangusa mtoto mate kwa ncha ya leso. "Mama yake alienda Saudia. Usiku huyu anaamka akimwita. Nikimpa chupa, ananyamaza. Sasa nitampa nini?"

Aliyetikisa kichwa akaanza kukagua viatu vyake. Daktari alivua glavu polepole, kidole kimoja kimoja. Jibu hatukulisikia, na mlango, nimeshasema, haufungiki. Msomaji, ukiwa nalo, mpelekee nyanya huko Tetu kabla giza halijaingia.