Kuku wa Mwenye Trekta

Kwetu Ronge trekta yangu haina mpinzani. Ni ya petroli, kuukuu, rangi imebaki kwenye boneti tu, lakini ukiizungusha hendeli mara moja inaitika. Kule Mraru, mzee jirani wa mkwe wangu anayo ya petroli pia, kuukuu kuliko yangu, nzito kama nyumba, na asubuhi mtu hutoka jasho kabla haijakohoa. Nimeicheka miaka yote. Msimu huu niliicheka mbele ya watu, na mpaka leo nikikumbuka nasikia uso unawaka.

Mkwe, mama wa mume wa binti yangu, alinipigia simu. Mvua imenyesha, udongo uko tayari, na jua la huko likiwaka kidogo tu unakuwa tofali. Mzee amekubali kumlimia. Nikamwambia, "Mkwe, achana na hilo gofu. Nakuja mwenyewe."

Nikashuka mlima nikiwa kwenye usukani. Tangu macho ya mume wangu yaharibike naendesha mimi, na sijaona mwanamume wa kunifundisha.

Nilimkuta mzee kando ya shamba la mkwe, injini inanguruma. Nikamwambia azime, anamaliza mafuta bure.

"Mama, huku si Ronge," akasema. "Huku joto huchemsha petroli, ukizima haiwaki upesi."

"Itachemka kwako. Yangu hainywi chai."

Watu wakacheka. Mzee akageuza trekta, akaenda kwake.

Huko kwa mkwe, anayefungua shamba huchinjiwa kuku. Nikianza mtaro wa kwanza nilimwona mkwe akimkimbiza jogoo. Mitaro ilinyooka vizuri, nikajiona mtu. Jua lilipopanda, injini ikaguna, ikafa. Nikangoja ipoe, ikawaka, ikafa tena. Paipu yangu ya petroli inapita karibu na ekzosi. Kwenye baridi yetu haina neno, lakini kwa joto lile petroli iligeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Ya mzee inapita upande wa pili, mbali na moto. Naye huenda pole pole, lakini hulima mchana kutwa.

Nikaomba maji niloweshe kitambaa nifunge paipu. Mkwe akaniletea maji yake ya kunywa, nami nikayamwagia chuma. Trekta ikatambaa kidogo, ikazima. Udongo ulikuwa unapauka tukiutazama.

Mkwe alijifunga leso, akaenda kumwomba mzee arudi. Mzee akaja, akasaidia kuisukuma yangu kando, akaanza kulima bila kunitazama. Afadhali angenitukana.

Chakula kikaja, kuku mzima. Nikasema apelekewe mzee.

"Mzee nitamchinjia wake kesho," mkwe akasema. "Shamba umefungua wewe. Kaa ule."

Akaniwekea firigisi kwenye sahani. Nikaitafuna huku trekta ya mzee ikipita mbele yangu, ikienda, ikirudi, haizimi. Ilikuwa kama natafuna kiatu.

Jua lilizama, sehemu ya chini ya shamba haijaguswa, na ilikuwa imeshakauka. Mkwe akaitazama, akasema pale watalima kwa jembe.

"Nitabaki," nikamwambia. "Nilime mimi."

"Mkwe halimi kwangu," akanijibu, akanisogezea ugali. "Kula, mkwe. Mbona huli?"

Nikala.