Mstari Mweupe Ubavuni mwa Tishari

Mtu akiniuliza leo maana ya mstari wa shehena, namjibu kwa ukali, kisha najuta. Yeye hana kosa. Wenye kosa ni mimi na yule wakala, na hasira yangu bado haijapoa.

Nilikulia Mombasa, ukimbizini, nikafanya kazi ya ukarani wa mizigo bandarini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Juba. Hapa hatuna bahari. Tuna mto, na mtoni kuna matishari, yale mabapa makubwa ya chuma yasiyo na injini, ambayo hufungwa pamoja na kusukumwa na boti hadi mji wa Bor na mbele zaidi. Wakala mmoja wa matishari hayo aliposikia nimewahi kufanya kazi bandarini, alinifuata mpaka kwangu, mtaa wa Atlabara. Alilalamika kwamba mabaharia wake hawaelewani. Mganda anasema hivi, aliyetoka Kenya anasema vile, na juzi kamba ilifunguliwa ya mbele badala ya nyuma, tishari likageuka likagonga gati.

"Dada, tuandikie maneno ya meli, kila mtu ajue," akaniomba.

Nikaandika. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Ngama ni kule chini kabisa ambako maji machafu hujikusanya, na hutolewa kila asubuhi, si siku unayojisikia. Kina ni urefu wa ile sehemu iliyozama. Shehena ni mzigo, na abiria si shehena, jamani, hata akikaa juu ya magunia. Hilo la mwisho nililiandika kwa herufi kubwa.

Kisha nikafika kwenye kipimo cha kupakia. Pale gatini walikuwa na desturi yao. Serehangi, yaani mkuu wa mabaharia, alikuwa mzee wa Kiganda mwenye miguu mirefu. Tishari likiwa linapakiwa aliketi ukingoni, akavua ndala, akaning'iniza mguu nje. Kidole gumba kikigusa maji alipiga kelele, "Kalas! Mafi tani!" Basi, hakuna tena. Gunia jingine halikupanda, hata liwe la mkubwa gani.

Nilicheka. Ebo, chombo kizima kipimwe kwa kidole cha mguu! Nikanunua rangi nyeupe. Siku mzee aliposema kalas, nikachora mstari ubavuni, palepale maji yalipofika. Nikawaeleza wote: huu ndio mstari wa shehena, maji yakiufikia, kupakia kumekwisha. Wakala alisikiliza kwa makini kuliko wote. Nikamgeukia mzee kwa ile sauti ya wajuaji, nikamwambia, "Mzee, sasa pumzika. Mguu wako umestaafu."

Akavaa ndala zake.

Mvua zikaja, barabara ya Bor ikawa tope tupu, na mizigo ikarundikana gatini. Wakati huohuo dada yangu mkubwa alitaka kusafiri. Binti yake wa pekee, aliyeolewa Bor, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na kwetu mama asipokuwepo kwenye uzazi wa kwanza, maneno ya wakwe hayaishi. Nikamsindikiza gatini asubuhi. Dada akapanda na sufuria zake na shuka za mtoto, akapata nafasi juu ya magunia ya unga, akanipungia mkono akicheka.

Nikautazama mstari. Maji yalikuwa chini yake kidogo. Vizuri. Lakini ukingo wa tishari ulikuwa karibu mno na maji, na nikaona rangi inang'aa kama ya jana. Chini yake, ndani ya maji, palikuwa na alama ya kitu kilichokwanguliwa.

Mzee alikuwa amesimama kando yangu. "Madam, mstari imepanda," akasema polepole. "Wakala alileta rangi. Imepanda shubiri moja."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Si wewe ndio ilisema mimi nipumzike?"

Haki ya Mungu, damu ilinichemka hadi masikioni. Nilimkasirikia mzee kwanza, kwa sababu alikuwa karibu. Halafu nikaelewa. Mguu wa mzee ungepandishwaje? Ungenunua rangi gani uupake? Mimi ndiye niliyewapa kitu kinachohamishika, na nikawafundisha wote wakiamini. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na huyu nilimwerevusha mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikamkuta wakala na daftari lake. "Umehamisha mstari!"

"Dada, punguza sauti. Mstari uko juu ya maji, tazama. Si wewe uliyetufundisha?"

Nilipanda tishari, nikavua viatu, nikaketi ukingoni na sketi yangu, nikashusha mguu mbele ya abiria wote. Mimi ni mfupi kuliko mzee, na bado maji yalinifika katikati ya muundi. Nikapiga kelele kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba kwamba chombo kimezidiwa, washuke. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja akaanza kushusha watoto wake, kisha akaambiwa atapoteza nafasi, akawapandisha tena.

Dada hakutaka kushuka. "Binti yangu anajifungua, wewe unaniletea habari za rangi?" Nikamshika mkono, nikamvuta. Sufuria moja ikaanguka mtoni. Tulivutana mbele za watu, wanawake wazima, hadi akashuka analia kwa hasira. Tishari likaondoka na wengine wote.

Sasa sikia kinachoniudhi zaidi. Lilifika. Lilifika salama salimini, siku ya pili, magunia makavu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wale watoto, na papo hapo nikakasirika tena, maana nilijua tutakakoelekea. Wakala alinitafuta akitabasamu. "Si umeona, dada? Tulikuwa tunapakia kidogo mno." Mstari ukabaki huko juu. Mabaharia wapya wanaonyeshwa huo, pamoja na karatasi yangu iliyobandikwa ndani ya chumba cha usukani.

Mtoto alizaliwa mikononi mwa jirani. Wakwe walisema waliyoyasema. Dada yangu hajawahi kunitukana kwa hilo, afadhali angetukana. Jana alinipigia simu, sauti ya kawaida kabisa, akaniambia amepata nafasi kwenye tishari la wiki ijayo, anakwenda kumwona mjukuu.

Nikamwomba asiende. Akaniambia nisimsindikize.