Mpaka Uliohamia Barabarani

Tarehe tisa Machi, kiongozi wa nchi alifariki saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mkataba wa kumaliza vita ulikuwa utiwe saini saa tisa alasiri. Kufikia saa sita, naibu wake, aliyetaka tu yaishe, alikuwa amekubali mpaka urudi nyuma, kutoka mtoni hadi barabarani. Mchora ramani alipoletewa agizo hilo alinawa mikono, kama alivyonawa kabla ya kila ramani, akaifuta kidole kimoja kimoja, kisha akashika wembe na kuanza kuukwangua mstari wa wino, akipuliza vumbi lake upande wa ukutani lisimfikie karani wa meza ya pili.

“Kaka, si kwenu huko, kati ya mto na barabara?” karani aliuliza.

“Ndiko. Mama yuko huko.”

“Na marehemu alishakubali mto!”

“Jana jioni, kwa penseli yake mwenyewe. Angetuvumilia saa tano tu.” Alisema kwa sauti ile ile aliyozoea kuombea rula.

“Basi jifanye mgonjwa!”

“Nikiugua mimi, dada, atakwangua mwingine, naye ataitoboa karatasi.”

Alichora mstari mpya bila kupumua. Kisha, ng’ambo yake, akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka jina la kijiji ambacho hakuna aliyemwagiza akiandike.

Mwaka mmoja baadaye aliomba kibali cha kuvuka barabara ile akamzike mama yake. Kilitoka siku ya kumi na tatu.