Moto wa Kuomba kwa Mayu Kabula

Enzi zetu pale Mwamapalala moto ulikuwa wa kuomba. Umande haujakauka, mtoto anapewa kigae, anakwenda kwa jirani kuchukua kaa, anarudi analipuliza mpaka machozi yanamtoka. Siyo ninyi, mnaobonyeza jiko la gesi halafu mnanung'unika chai imechelewa.

Mimi nilitumwa kwa Mayu Kabula, mayu kwetu Wasukuma ni mama, bibi kizee aliyeishi peke yake nyuma ya shamba letu la pamba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe aliyopikia, basi watu wakasema ni mchawi. Nilimwogopa kuliko fisi. Na miaka ile maduka yalishaanza kujaa vitu, mama alikuwa na kiberiti kabisa, amekichomeka kwenye nyasi za paa. Sasa moto wa kuomba wa nini? Na mbona kila siku nabebeshwa bakuli la michembe, vile viazi vya kukausha, eti "kamshukuru kwa moto"?

Asubuhi moja nilipanda juu ya kinu, nikachomoa kiberiti, nikawasha. Michembe nikaila nyuma ya zizi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mama akauliza, "Mayu Kabula kaamkaje?"

"Mzima."

"Kakwambia nini?"

Nikajikuta natazama kiberiti pale paani. Mama hakunichapa. Alinishika mkono tukaenda. Tulimkuta sakafuni, homa imemkausha midomo, majivu ya juzi yamepoa kwenye mafiga. Akanitazama, akasema, "Nilikungoja, mjukuu wangu."

Mama alimwosha, akamkorogea uji. Kisha akanigeukia. "Jumapili unaimba Yesu ana huruma, Jumatatu unakula chakula cha mgonjwa. Moto ninao. Nilikutuma ukamwone, naye asijione ombaomba."

Alipona, akaishi mavuno mawili zaidi. Kila asubuhi kigae kilikuwa mkononi mwangu, na yale macho sikuyaogopa tena.

Leo kila nyumba ina moto wake na geti lake. Jirani anaugua wiki nzima, tunapata habari kanisani kwenye matangazo. Juzi nilimpa mjukuu wangu Neema kigae, nikamwambia akaombe moto kwa yule mzee mjane wa nyumba ya pili, na sahani ya wali aibebe.

Akacheka. "Bibi, si tuna gesi?"

Nikamwambia, gesi naijua. Nenda.