Mchoro wa Ghala la Ulezi Ulikuwa wa Zubeda

Alhamisi, 12 Juni. Kijijini Kate. Asubuhi ya baridi kali, upepo, hakuna wingu.

Bado naona kama uongo. Jana mtoto wa Zubeda alinipigia: "Shikamoo mama. Mama ametutoka alfajiri. Tunazika alasiri." Nilipofika stendi basi la Sumbawanga lilikuwa limeshaondoka.

Wengi humu kwenye kundi letu mnamjua kama bibi wa duka la vitambaa Sumbawanga mjini. Mimi namjua tangu enzi za Mwingereza, tukiwa wasichana kwenye ghala la kununulia ulezi. Yeye alishona magunia. Mimi, niliyetoka sekondari ya masista, niliandika vyeti vya mauzo vya wakulima.

Ghala lile lilikuwa fujo tupu! Wakulima wa Kaoze walilala nje siku mbili na magunia yao. Mpimaji alingoja cheti changu, mimi nilingoja vipimo vyake.

Siku moja Zubeda akanivuta mkono, akatandaza karatasi ya kaki juu ya magunia. Alikuwa amechora kazi yote ya ghala kwa mkaa.

Duara jeusi: mkulima anafika. Kila kazi na kisanduku chake. Umbo la almasi lilikuwa swali: ulezi umekauka? Kama hapana, mshale unarudi kwenye turubai, ulezi uanikwe tena. Kama ndiyo, unakwenda mpaka mstari mnene na kugawanyika: mmoja anapima, mwingine wakati huohuo anaandika jina na kijiji. Kwenye mstari wa pili mishale inakutana, uzito unajazwa, mkulima anakwenda zake.

Leo mnaita activity diagram, mnapelekwa workshop kujifunza. Zubeda hakuwa na jina la kuipa.

Maneno yake aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, ambazo sikuzijua. Nikafuata vipicha tu, kutoka kushoto, nikacheka. "Zubeda, mkulima wako anaondoka na cheti, ndipo anapimiwa, halafu ndiyo anafika?"

"Msomi wee! Unaanzia mkiani!"

Yeye alianzia kulia, kama alivyofundishwa kusoma.

Nikaunakili upya kuanzia kushoto, kwa herufi za shule. Chini nikaandika jina langu. Langu peke yake.

Bwana Msimamizi aliusoma akiwa amesimama. "Sesilia, umefikiri vizuri sana."

Zubeda alikuwa hatua tatu kutoka pale, sindano ya magunia mkononi.

Nikasema, "Asante, bwana."

Wiki ile foleni ilianza kuisha kabla ya adhuhuri. Mwezi uliofuata nikapewa meza ofisini na taipureta. Zubeda akabaki anashona.

Hakuniuliza kamwe. Alikuja harusini kwangu na sinia la maandazi. Nilipofiwa na mume wangu alilala kwangu siku tisa, akanichotea maji ya kuoga kama mtoto. Na kila sikukuu, yangu na yake, simu: "Msomi, uko hai?"

Mwaka jana nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa. Nikaanza, "Zubeda, ule mchoro..."

Akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Mpaka leo sijui kama alikuwa amenisamehe, au alikuwa amechoka kungoja.

Niliokuwa nao ghalani wote wamekwisha, nimebaki mimi. Ningenyamaza, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hilo ndilo linalonitisha.

Kwa hiyo someni vizuri. Mchoro ule ulikuwa wa Zubeda. Akili yake, mkono wake, kila mshale. Mimi nilinakili tu, na sifa nikapokea mimi. Wanangu mliofiwa, mkiulizwa mama yenu alikuwa nani, na hili semeni.

Zubeda, nimesema. Nimechelewa, najua. Hakuna tena wa kuniita msomi. Pumzika, dada yangu, ulale pema.

Usiku wa kuamkia leo usingizi haukunichukua mpaka saa tisa na dakika ishirini.