Njiwa wa jiwe anayesubiri mikono ya mama

Jua la Machi halijapanda vizuri juu ya Upplands Väsby, mji ulio kaskazini mwa Stockholm, Uswidi, na Leokadia Rwegasira tayari ni mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Anaingiza patasi nyembamba nyuma ya shingo ya njiwa, anagonga kidogo, anapuliza. Shingo hiyo ikikatika, hakuna jiwe jingine.

"Usiniongeleshe kwanza," anasema. Mwandishi wa habari hii anarudi nyuma hatua moja.

Mzaliwa huyu wa Bukoba huchonga mawe ya makaburi katika karakana moja mjini hapa. Jiwe hili la chokaa ni la ukumbi ambamo Waswahili wa Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, husali. Lina msalaba, mizabibu na njiwa wawili, kwa mtindo wa mafundi Wakristo wa kale wa Misri.

Mara ya kwanza mazoea yalimponza. Alichonga kijuujuu, kama anavyochonga majina ya marehemu. Jiwe lilipoegemezwa ukutani, mwanga hafifu wa Januari ukaufuta mchongo wote. Mzee Boniface, kiongozi wa kwaya, akauliza, "Dada Leokadia, msalaba wenyewe uko wapi?"

"Nililia ndani ya treni, watu wananitazama tu," anakumbuka. "Mama yangu anakuja Pasaka, na macho yake yameshakwenda. Kama wenye macho hawauoni, yeye atashika nini?"

Ndipo akazirudia picha za kazi za mafundi wale wa kale. Walichimba nyuma ya jani mpaka kivuli kikaingia, jani likabaki limesimama. Akalirudisha jiwe karakanani, na tangu hapo huchimba kila asubuhi kabla ya kazi ya mwajiri. Moyo wa namna hii haupatikani kirahisi.

Leo Mzee Boniface amekuja kukagua. Leokadia anaweka patasi chini.

"Mzee, fumba macho."

Anafumba. Vidole vyake vinapita juu ya zabibu, vinauzunguka msalaba, vinashuka na shingo ya njiwa hadi mdomoni. Hapo vinasimama.

"Kumbe kuna kikombe!" anasema, macho bado kayafumba. "Dada, huyu ndege anakunywa. Mbona siku ile sikuona?"

Leokadia anacheka huku akijifuta machozi na vumbi kwa pamoja.

Wanakwaya wanataka jiwe litundikwe juu, lionekane tangu mlangoni. Yeye amekataa katakata. Litakaa usawa wa kifua.

"Wataniwia radhi," anasema, akiichukua tena patasi. "Mama ni mfupi."