Aliposema Basi

Mimi ni fundi wa ngozi, Jules Street, Malvern. Viatu, mikanda, mikoba. Kila kitu nahesabu mara mbili, ndiyo maana siwezi kujidanganya kuhusu siku ile: mama yule alisema "basi" mara mbili, na mara zote mbili nilisikia.

Alikuwa Mtanzania, mshonaji, mkazi wa siku nyingi hapa Johannesburg. Sare za kwaya za makanisa yetu ya Wakongo zilitoka kwenye cherehani yake, na kwa sare hizo aliishi. Alikuja kuagiza pingu nane za ngozi, laini, zenye kitambaa ndani. Nikamuuliza kama amefungua jela nyumbani. Hakucheka. Akaniambia moja kwa moja kwamba yeye ni katibu wa kikundi cha watu wazima ambao mapenzi yao yana kamba na pingu, kwa makubaliano.

"Nje ya kikundi nimewaambia watu wawili tu," alisema. "Wewe wa pili, fundi, kwa sababu pingu mbaya inachubua mkono."

Kila alipokuja kupima alinisimulia kidogo. Zamani, sheria ya nchi hii ilipokuwa ikichungulia hadi vyumbani, walitafutana kwa vitangazo vya gazetini na sanduku la posta. Kikao cha kwanza kilikuwa sebuleni kwa mjane mmoja, Kensington: wazungu saba, mapazia yamefungwa, na wote wakaogopa hata kuvua koti. Wakanywa chai, wakarudi makwao. Chai ikabaki desturi. Hadi leo mgeni, awe wa rangi yoyote, anakunywa chai mara tatu na nguo zake za kawaida kabla ya kuruhusiwa lolote. Na kila mmoja ana neno lake la kusimamisha. Wengi wanatumia rangi ya roboti, taa ya barabarani: nyekundu. Yeye alichagua "basi".

"Nikilisema, mikono yote inaachia. Hakuna anayeuliza kwa nini."

Nikacheka. "Mama, hapa dukani 'basi' ndipo bei inapoanza."

"Najua. Ndiyo maana viatu nanunua kwingine."

Jumamosi moja asubuhi alikuwa amesimama kwenye kaunta na pingu ya mwisho mkononi, nikimhesabia matundu, akaingia mama shemasi wa kanisa langu kuchukua viatu vyake.

"Papa, ile iko nini? Ya imbwa?"

Ningesema ndiyo. Neno moja, halina gharama. Lakini mimi mzaha ukinifika mdomoni lazima niuuze.

"Imbwa gani iko na mikono, Mama?"

"Basi, fundi," mshonaji alisema, kwa sauti ya chini.

Nikalichukua kama basi la sokoni, lile la mteja anayejifanya anaondoka. Nikaongeza. "Ni ya watu wazima, Mama. Wanafungana kwa kupenda, na wana katibu kama kamati yetu ya kwaya. Mpaka chai wanakunywa!"

"Basi."

"Na katibu mwenyewe..." Nikanyamaza hapo, lakini macho yangu yalikuwa yameshamfikia.

Mama shemasi akayafuata. "Eh! Si ni wewe unatushoneaka sare?"

Mshonaji akaiweka pingu kwenye kaunta polepole, kama kitu kinachovunjika, akatoka. Nilikuwa nimewacheka watu wanaofungana pingu. Katika wote waliowahi kulisikia neno lake, mimi ndiye niliyeendelea.

Sare mpya za kwaya alipewa mtu mwingine. Kamati ilipokaa nilikuwepo. Sikufungua mdomo, mimi ambaye dukani sifungi. Sare yangu inanibana kwapani, na naivaa.

Pingu nilizipeleka mwenyewe Kensington, kwenye anwani ya kikundi aliyoniachia alipoagiza. Mwanamume mmoja alizipokea getini, akazihesabu mara moja tu, akaniamini. Ndani nilisikia vikombe. Hakunikaribisha, nami sikuwa na uso wa kuomba.

Jioni nikamwandikia mshonaji ujumbe. Niliusoma mara mbili, kama kawaida yangu, nikautuma. Zilipotokea tiki mbili ndipo nikaona nilivyoanza: "Basi, mama, yaishe."

Tiki zikawa za buluu. Hajajibu.